Mkono Wako Ufike: Kuchagua Vifaa vya Parachuti Vinavyolingana na Mwili Wako

Zamani neno parachuti lilipotajwa katika nchi zetu, watu wengi waliwaza askari wa miavuli na maonyesho ya siku za sherehe za taifa. Leo mruko wa parachuti ni huduma inayouzwa kama huduma nyingine. Katika ufukwe wa Diani, pwani ya kusini ya Kenya, mgeni na mwenyeji hulipa ada, hupanda ndege ndogo, na huruka wakiwa wamefungwa pamoja na mkufunzi. Ndugu zetu waishio Dubai, Uingereza na Marekani nao wanaweza kupata huko mafunzo ya kuruka peke yao, na anayehitimu mara nyingi hutamani kununua vifaa vyake mwenyewe.

Mtumiaji wa huduma hii huuliza ada, hali ya hewa, na kama atapigwa picha. Yote hayo ni maswali ya haki. Lakini lipo swali moja ambalo aghalabu huachwa, nalo ndilo kiini cha makala haya: je, vifaa hivi vinaufaa mwili wangu? Vifaa vinaweza kuwa vipya, vimekaguliwa na vina vyeti vyote, na bado vikawa hatari kwa mtu fulani kwa sababu tu mkono wake haufiki panapopaswa kufika. Usalama wa parachuti haumo katika kitambaa peke yake. Umo pia katika bega, nyonga, kiganja na jicho la anayeivaa.

Tunaeleza hapa sehemu za vifaa hivyo, namna ya kujipima, na haki ulizo nazo kabla hujatoa fedha yako.

Vifaa vyenyewe na namna vinavyofanya kazi

Seti kamili ya mrukaji ina sehemu nne kuu. Ya kwanza ni vazi la mikanda, linalopita mabegani, kifuani na mapajani. Hili ndilo linalobeba mwili. Ya pili ni mkoba wa mgongoni wenye vyumba viwili. Ya tatu ni parachuti mbili zilizokunjwa ndani ya vyumba hivyo: parachuti kuu na parachuti ya akiba. Ya nne ni kifaa cha kujifungua chenyewe, chombo kidogo cha kielektroniki kinachopima mwinuko na kasi, na kuifungua parachuti ya akiba endapo mrukaji amekaribia ardhi akiwa bado anaanguka kwa kasi kubwa.

Katika seti nyingi za leo, mrukaji hufungua parachuti kuu kwa kupeleka mkono wa kulia nyuma, kwenye pembe ya chini ya mkoba, ambako huchomoa kiparachuti kidogo na kukitupa pembeni. Upepo hukishika kiparachuti hicho, nacho huvuta pini ya mkoba na kuitoa parachuti kuu. Ikiwa parachuti kuu imefunguka vibaya, mrukaji huvuta kishikio kilicho upande wa kulia wa kifua ili aiachie iende zake. Kuachia huko hufanywa na mfumo wa pete tatu uliobuniwa na Mmarekani Bill Booth katika miaka ya 1970. Kisha huvuta kishikio cha upande wa kushoto, nacho huifungua parachuti ya akiba.

Basi vishikio ni vitatu: cha kufungulia, cha kuachia na cha akiba. Mrukaji anayeruka peke yake anatakiwa avifikie vyote, na vile viwili vya kifuani aweze pia kuviona.

Kwa nini tunasisitiza jambo hili? Anayeruka kutoka mita 4,000 huanguka kwa muda wa dakika moja hivi kabla ya kufungua parachuti, kwa mwendo wa takriban kilomita 200 kwa saa. Hiyo ni zaidi ya mita 50 kwa kila sekunde. Mtu aliye mita 900 juu ya ardhi, mwinuko ambao mwanafunzi anapaswa kuwa amekwisha kufungua, ana sekunde 16 au 17 tu zilizobaki iwapo hatafanya lolote. Anayepapasa mgongoni kwa sekunde 5 akitafuta kishikio amepoteza zaidi ya mita 250. Kifaa cha kujifungua chenyewe kipo kwa ajili ya dharura hiyo, lakini katika seti nyingi za warukaji wazoefu huwa hakifanyi kazi mpaka mita 225 hivi juu ya ardhi. Hiyo ni kinga ya mwisho, wala haichukui nafasi ya mkono unaofika.

Ukiruka pamoja na mkufunzi

Wengi wa wasomaji wetu wataruka kwa njia hii, yaani mruko wa wawili. Hapa mkufunzi ndiye anayefungua parachuti, na abiria hana kazi ya kuvuta vishikio. Hata hivyo, mwili wa abiria una sehemu kubwa katika usalama wa wote wawili, na yapo mambo manne ya kuzingatia.

La kwanza ni uzito. Sema uzito wako wa kweli, na ukubali kupimwa kwenye mzani. Kila parachuti na kila vazi la mikanda lina kiwango cha juu cha uzito kilichowekwa na mtengenezaji, na katika mruko wa wawili kiwango hicho kinajumlisha abiria, mkufunzi na vifaa vyote. Anayepunguza kilo 10 kwa mdomo hazipunguzi angani. Ukiona haya kupimwa mbele ya watu, omba upimwe faraghani. Ombi hilo ni la haki, na mtoa huduma mwungwana hulitimiza.

La pili ni mikanda ya mapaja. Inapaswa kukaa juu kabisa, penye kiungo cha paja na kinena, na si katikati ya paja. Ukishafungwa, chuchumaa kisha usimame. Mkanda uliokuwa umekaza utaonekana umelegea. Mwombe mkufunzi aukaze tena. Jambo hili lina uzito zaidi kwa mtu mwenye tumbo kubwa, kwa mzee, na kwa yeyote ambaye nyonga zake hazikunjiki vizuri. Mwili unapokunjwa mlangoni mwa ndege, mikanda iliyolegea huweza kuteleza kuelekea magotini, na sehemu ya nyuma ya mwili ikabaki bila cha kuishikilia. Baadhi ya mavazi ya abiria yana mkanda wa ziada wa nyuma unaozuia mikanda ya mapaja isiteleze. Uliza kama upo na kama umefungwa.

La tatu ni viungio. Vazi la abiria huunganishwa na la mkufunzi mahali panne: mabegani mara mbili na ubavuni mara mbili. Si kazi yako kuvifunga, lakini una haki ya kumwomba mkufunzi avihesabu kwa sauti kabla ya mlango kufunguliwa.

La nne ni kunyanyua miguu. Wakati wa kutua, abiria hutakiwa kuinua miguu yote miwili mbele ili mkufunzi aguse ardhi kwanza au wote wawili waketi pamoja. Asiyeweza kuinua miguu huitanguliza chini, na hapo kifundo cha mguu au goti linaweza kuumia. Jaribu nyumbani: keti kwenye ukingo wa kiti kigumu, shika mapaja yako kwa mikono, kisha inua miguu mpaka iwe sambamba na sakafu. Ihesabie hadi 10. Ukishindwa, au ukihisi maumivu makali ya mgongo au nyonga, mweleze mkufunzi siku ya kuweka nafasi, si ukiwa tayari ndani ya ndege. Huenda akakuonyesha mbinu nyingine, akakushauri uruke siku yenye upepo mzuri wa kutulia, au akakukatalia. Kukataliwa kwa sababu hiyo ni huduma njema.

Yeyote ambaye bega lake limewahi kuteguka, au aliyefanyiwa upasuaji wa mgongo, goti au nyonga, amwone daktari kwanza. Upepo wa angani na mshtuko wa parachuti kufunguka huvuta mikono kwa nguvu, na bega lililowahi kutoka mahali pake ni jepesi kutoka tena.

Ukiruka peke yako: jaribio la vishikio vitatu

Mwanafunzi na mrukaji aliyehitimu ndio wanaolihitaji zaidi jaribio hili. Lifanye ardhini, mbele ya mkufunzi, ukiwa umevaa kila kitu utakachovaa angani: suti ya kurukia, glavu, kofia ngumu na miwani. Vazi la mikanda liwe limekazwa kama siku ya kuruka.

1. Simama wima, tupa nyonga mbele na rudisha mabega nyuma, kama ufanyavyo unapoanguka kifudifudi. Bila kutazama, peleka mkono wa kulia kwenye kishikio cha kufungulia na ukiguse. Rudia mara 10 mfululizo. Mara ya 10 iwe rahisi kama ya kwanza.

2. Lala kifudifudi juu ya meza au benchi, kifua na miguu vikiwa vimeinuliwa, kisha urudie. Mkao huu unafanana zaidi na hali ya angani. Mkono mmoja unapokwenda nyuma, mwingine hupelekwa juu ya kichwa ili mwili usipinduke. Fanya hivyo pia.

3. Tazama chini. Je, unaviona vishikio vyote viwili vya kifuani bila kuvisogeza? Vishike kimoja kimoja, kwanza kwa mkono mmoja, kisha kwa mikono yote miwili.

4. Ning'inizwa kwenye vazi lako katika fremu ya mafunzo. Mwili unapobebwa na mikanda, vazi hupanda na vishikio huhama. Vitafute tena hapo vilipohamia.

5. Kwa ruhusa ya fundi wa parachuti, siku ambayo parachuti ya akiba inafunguliwa ili ikunjwe upya, vuta wewe mwenyewe vile vishikio viwili vya kifuani. Hakuna mazoezi ya kuigiza yanayoufundisha mkono uzito wa kishikio halisi.

Kuhusu uzito huo, viwango vinavyotumika Marekani vinataka nguvu ya kuvuta kishikio cha akiba isizidi ratili 22, yaani kilo 10 hivi. Kwa mtu mwenye kiganja chenye nguvu hilo ni jambo jepesi. Kwa mwenye vidole vidogo, mwenye baridi yabisi, au aliyevaa glavu nene, ni jambo la kufikiriwa. Vipo vishikio vya aina mbili: cha pete ya chuma, ambacho hupitisha vidole au kidole gumba na kuvutwa kwa mkono mzima, na cha kitambaa kilichojazwa kama mto mdogo, ambacho hakinaswi kwa urahisi na vitu vingine lakini huhitaji kubanwa kwa kiganja. Kila kimoja kina manufaa yake. Chagua kile ambacho mkono wako unakishika kwa uhakika, si kile ambacho rafiki yako anacho.

Mtu ambaye bega lake ni gumu na mkono haufiki pembe ya chini ya mkoba asijilazimishe kwa kujipinda. Anayejipinda ardhini angani hugeuka na kuanza kuzunguka. Masuluhisho yapo: kubadili urefu wa vazi, kutumia mkoba mfupi zaidi, kuongeza urefu wa kishikio kwa namna anayoiruhusu mtengenezaji, au kufanya mazoezi ya kunyoosha mabega kwa majuma kadhaa kabla ya kozi. Mwenye mkono wa kushoto naye ajue kwamba seti karibu zote zimeundwa kwa mkono wa kulia; mazoezi yake yawe mengi zaidi.

Vazi la mikanda ni kama nguo ya kushonesha

Hakuna fundi cherehani anayeshona kanzu kwa kuuliza kilo tu. Hupima bega, kifua, mkono na urefu. Vazi la mikanda lataka zaidi ya hapo, kwani watu wawili wenye urefu mmoja na uzito mmoja huweza kutofautiana kabisa: mmoja ana kiwiliwili kirefu na miguu mifupi, mwingine kinyume chake.

Kipimo muhimu kuliko vyote ni urefu wa kiwiliwili, kutoka kwenye kishimo cha chini ya koo hadi penye kinena. Baada ya hapo hupimwa kifua, kiuno, nyonga, unene wa paja na urefu wa mguu kwa ndani. Upimwe na mtu mwingine kwa utepe, ukiwa umesimama wima na umevaa nguo nyepesi. Usiandike kipimo unachotarajia kuwa nacho baada ya kupungua. Andika cha leo.

Vazi lililo refu kupita mwili hupanda juu parachuti inapofunguka. Mkanda wa kifua hufika karibu na koo, na vishikio husogea mahali ambapo mkono haukuzoea kuvitafuta. Vazi lililo fupi huyavuta mabega yainame, hukata mapaja, na humzuia mrukaji kutupa nyonga mbele, hali inayomfanya ayumbe anapoanguka. Mwenye kifua kipana, na mwanamke mwenye matiti makubwa, wahakikishe kwamba vishikio havikusukumwa pembeni wala kugeuka chini ya kwapa. Kwa watu wengi wa maumbo hayo, na kwa wasio na wepesi wa kujikunja, vazi lenye pete za chuma nyongani huwa na nafuu, kwa kuwa hujikunja pamoja na mwili badala ya kushindana nao.

Mwili hubadilika. Aliyejifungua, aliyeugua kwa muda mrefu, aliyenenepa au kukonda kwa kilo kadhaa, afanye upya jaribio la vishikio kabla ya kuruka tena. Vazi lililomkaa vizuri mwaka jana halina ahadi naye mwaka huu.

Wengi wa wanaoanza hutumia vifaa vya kukodi. Shule nzuri huwa na mavazi ya saizi kadhaa, au yanayorefushwa na kufupishwa. Ukiambiwa kwamba lililopo ni moja tu na litakutosha, fanya jaribio kwanza. Mikanda ikiwa imekazwa hadi mwisho na bado unaweza kupitisha mkono mzima kati ya mkanda na bega, vazi hilo si lako.

Ukubwa wa parachuti: hesabu unayoweza kuifanya mwenyewe

Parachuti hupimwa kwa futi za mraba. Ili kujua kama inakufaa, chukua uzito wako pamoja na vifaa vyote, ugeuze kuwa ratili, kisha ugawanye kwa futi za mraba za parachuti.

Tuchukue mfano wa mtu wa kilo 75. Vifaa vyake vina kilo 13, hivyo jumla ni kilo 88, sawa na ratili 194. Akitumia parachuti ya futi za mraba 210, uwiano ni 0.92. Akitumia ya futi 170, uwiano ni 1.14. Akitumia ya futi 150, uwiano ni 1.29. Kadiri uwiano unavyopanda ndivyo parachuti inavyokwenda kasi, inavyogeuka ghafla na inavyotua kwa nguvu. Kwa anayeanza, ushauri wa kawaida ni uwiano usiozidi 1.0.

Yapo mambo matatu ambayo hesabu hii haiyaonyeshi. Kwanza, mtu mwepesi asiitumie peke yake. Mwenye kilo 50 anaweza kupata uwiano wa 1.0 kwa parachuti ya futi 135 hivi, lakini parachuti ndogo ina kamba fupi na huitika haraka kuliko kubwa yenye uwiano uleule. Pili, mwenye magoti au vifundo visivyo imara achague parachuti kubwa zaidi ya anayoonyeshwa na hesabu, kwa kuwa hana uwezo wa kukimbia na kujiviringisha anapotua vibaya. Tatu, mahali pana nguvu yake. Hewa ya nyanda za juu ni nyepesi kuliko ya pwani. Katika mwinuko wa mita 1,600, ambao Nairobi inaupita, parachuti ileile hutua kwa kasi inayozidi ya Diani kwa takriban asilimia 8. Aliyezoea kutua usawa wa bahari asishangae ardhi ikimjia upesi huko bara.

Parachuti pia ilingane na mkoba. Iliyo kubwa kupita chumba chake huufanya mkoba ubane na kishikio kiwe kigumu kuvuta. Iliyo ndogo mno huuacha mkoba umelegea, na pini inaweza kuchomoka kabla ya wakati wake. Lote mawili ni hatari.

Kofia, miwani, kipima mwinuko na mavazi

Pima mzunguko wa kichwa kwa utepe, juu kidogo ya nyusi, kabla ya kuchagua kofia ngumu. Ukiivaa na kutikisa kichwa, isiteleze. Ukiivaa kwa dakika 10, isikuumize. Hakikisha unaweza kugeuza shingo na kutazama juu, kwa kuwa kitu cha kwanza kufanywa baada ya parachuti kufunguka ni kuiangalia. Mwenye shingo ngumu huona tofauti kubwa kati ya kofia nyepesi na nzito.

Anayevaa miwani ya macho atafute miwani ya upepo inayofunika ile ya kawaida. Mwenye zaidi ya miaka 40 ajaribu kusoma kipima mwinuko akiwa amenyoosha mkono, bila miwani ya kusomea. Tarakimu zikimponyoka, achukue chenye uso mkubwa na mshale.

Mavazi yasiwe na kitu kinachopepea. Viatu visiwe na ndoano za kamba, kwa kuwa hunasa. Anayejisitiri kichwa avae kitambaa kinachobana, kisichohitaji pini, na ncha zake ziingizwe ndani ya suti. Nywele ndefu zifungwe na kufichwa. Gauni, kanga na kanzu havichukuani na mikanda ya mapaja, hivyo vaa suruali chini ya suti ya kurukia. Ukubwa wa suti nao una kazi yake: inayobana humfanya mrukaji aanguke kasi zaidi, na pana humpunguzia mwendo. Mwembamba na mnene wanaotaka kuruka pamoja husawazishwa kwa njia hiyo. Lakini suti pana isifunike kishikio chochote.

Kununua vifaa vilivyotumika

Seti mpya ni ghali na hutengenezwa kwa vipimo, hivyo huchukua muda. Kwa sababu hiyo wengi hununua iliyotumika, mara nyingi kwa kuiona katika picha. Tunakushauri usilipe kwa picha. Kabla ya malipo ya mwisho:

– Soma lebo ya vazi na ya parachuti ya akiba. Lazima zionyeshe mtengenezaji, namba, tarehe ya kutengenezwa na kiwango cha juu cha uzito. Jumlisha uzito wako na wa vifaa, uone kama umo ndani ya kiwango hicho.

– Omba kadi ya parachuti ya akiba. Huonyesha ilikunjwa lini na na nani. Nchini Marekani, kwa mfano, kipindi cha kukunja upya ni siku 180. Kila nchi ina utaratibu wake, nawe ufuate wa mahali utakaporukia.

– Uliza tarehe ya huduma na ya kuisha muda wa kifaa cha kujifungua chenyewe.

– Fundi wa parachuti uliyemchagua wewe, si wa muuzaji, aikague seti nzima.

– Ivae na ufanye jaribio la vishikio vitatu. Muuzaji akikataa, umekwisha kupata jibu lako.

Bei nafuu huvutia, hasa pale seti ilipokuwa ya mtu "anayekaribiana na wewe". Kukaribiana si kulingana. Gharama ya kurekebisha vazi ni kubwa, na kazi hiyo hufanywa na mtu mwenye idhini tu. Iingize gharama hiyo katika hesabu kabla ya kusema umepata.

Haki zako na wajibu wako

Unapolipia mruko au unapokodi vifaa, una haki ya kuelezwa viwango vya uzito na masharti ya afya kabla ya kulipa. Ya kujaribu vifaa bila kuharakishwa. Ya kuomba vazi jingine. Na ya kughairi wakati wowote kabla ya ndege kuruka. Hata ukiwa ndani ya ndege, unaweza kusema hapana, ukateremka nayo. Kuhusu marejesho ya ada, omba masharti yaandikwe kwenye stakabadhi, pamoja na yatakayofuata ikiwa utakataliwa kwa sababu ya uzito au afya.

Karibu kila mtoa huduma atakupa hati ya kukubali hatari utie sahihi. Isome yote. Usipoelewa lugha yake, omba ufafanuliwe kwa Kiswahili. Hati hiyo haikuzuii kuuliza maswali, wala haimwondolei mtoa huduma jukumu la kukupa vifaa vinavyokufaa.

Kwa upande wako, una wajibu wa kusema kweli kuhusu uzito, umri, dawa unazotumia na majeraha ya zamani. Vifaa huchaguliwa kwa maelezo yako. Maelezo ya uongo huleta vifaa visivyo vyako.

Ukiona kasoro, iandike siku ileile: tarehe, mahali, namba ya vazi, jina lililo kwenye stakabadhi na yaliyosemwa. Mpe mtoa huduma nafasi ya kujibu kwa maandishi. Asipojibu, wasilisha malalamiko kwetu pamoja na nakala za hati hizo. Malalamiko ya vazi lisilokaa vizuri si madogo, hata kama siku hiyo ulitua salama. Anayekufuata katika foleni atapewa vazi hilohilo.